Nyoka Anayevua, na Sisi Tuliomsaidia

Kwa miaka ishirini na miwili nilifundisha wanyama watambaao bila kumgusa hata mmoja wao. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari huko Panda, mjini Likasi, na nyoka wangu alikuwa wa chaki. Nilimchora ubaoni, nikamtoa ulimi nje ili hata waliokaa nyuma wamwone, nikasoma maelezo, wanafunzi wakaandika, nikamfuta, tukahamia kwa ndege. Katika miaka yote hiyo hakuna nyoka aliyenipinga.

Wa kweli alipatikana siku tuliyofungua stoo ya shule kutafuta ramani ya Afrika. Alikuwa amejikunja ndani ya sanduku la chupa za maabara, chupa ambazo hatukuwa tumezigusa tangu ziletwe. Mkuu wa shule, ambaye kwetu tunamwita prefe, ni mwanaume mwenye sauti inayofika barabarani bila kipaza sauti. Kabla sijajua kuna nini, alikuwa amesimama juu ya meza, na kutoka huko juu akatoa amri.

"Muue! Madamu, weye njo mwalimu ya nyama, muue!"

Hoja yenyewe ilikuwa ya ajabu, kwamba anayefundisha wanyama ndiye anayepaswa kuwaua, lakini haikuwa saa ya kubishana. Niliinama nikatazama. Alikuwa wa kahawia, mwembamba, urefu wa mkono wangu, na mistari miwili myeupe iliyoanzia puani ikapita jichoni kila upande. Huyo nilimjua. Alikuwa kwenye ukurasa ninaousoma kila mwaka: nyoka wa nyumbani, hana sumu, hula panya, ni rafiki wa mkulima. Kwa mara ya kwanza maishani niliamua kukiamini kitabu changu mwenyewe. Nikamfunika kwa beseni, nikapitisha kadibodi chini yake, nikatangaza mbele ya walimu wenzangu kwamba namchukua kwa ajili ya masomo.

Haikuwa kwa ajili ya masomo. Nilimchukua kwa sababu prefe alikuwa juu ya meza na mimi nilikuwa chini, na raha kama ile sikuwa nimeipata siku nyingi.

Mume wangu ni fundi mstaafu wa karakana za shaba. Tunaishi katika moja ya nyumba za kambi ya zamani ya wafanyakazi, na ndani ya nyumba hiyo nimesikia zaidi ya mara mia jinsi alivyosimama peke yake siku mnyororo wa kreni ulipokatika na wenzake wote wakakimbia. Nilipofungua beseni juu ya meza, shujaa wa kreni alikuwa ameshafika uani, upande wa pili wa dirisha, akizungumza nami kupitia wavu wa mbu.

"Mama ya batoto, unachagua. Ile nyama ao minye."

"Ingia ule kwanza," nilimwambia. "Bukari iko tayari."

Alikula nje wiki nzima. Wiki ya pili alianza kula kizingitini. Mwezi ulipokwisha, alikuwa amemjengea nyoka nyumba: kabati la vioo lenye fremu ya chuma, kifuniko cha wavu na makomeo manne. Alisema kama lazima kuwe na jela, basi ijengwe na mtu anayejua chuma. Ndani niliweka mchanga, bakuli la maji na kigae cha chungu kilichovunjika, apate pa kujificha. Nilimlisha panya wadogo niliowatega penye mashine ya kusaga unga ya jirani, mmoja kila wiki, akiwa tayari amekufa. Alikula vizuri. Alikuwa mgeni mwenye adabu kuliko wengi waliowahi kulala kwetu: hakukagua mapazia, wala hakuniuliza kwa nini watoto wangu walioko Lubumbashi hawaji kutusalimu.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, alibadilika. Kwanza alikataa panya. Kisha rangi yake ikafifia, kana kwamba mtu amemmwagia majivu. Tumbo lake, lililokuwa jeupe la kung'aa, likaingia wekundu hafifu. Alishinda chini ya kigae, na nilipokiinua alijirusha kunigonga mkono, yeye ambaye hakuwahi kunikasirikia. Siku ya nne nikayaona macho. Yalikuwa meusi, sasa yalikuwa bluu, bluu ya maziwa, kama macho ya mzee mwenye mtoto wa jicho.

Hapa nitasema polepole, kwa sababu ndipo aibu yangu ilipo. Ishara hizo zote nilikuwa nimeziandikisha kwenye madaftari ya watoto wa watu kwa miaka ishirini na miwili. Zilikuwa kwenye mtihani. Kuna watu niliowanyima alama kwa kusahau moja tu. Na siku nilipoziona zote mbele yangu, nilivuta kiti, nikakaa, nikasema: "Anakufa."

Mume wangu alijitahidi kuhuzunika.

"Maskini," alisema, na uso wake ukachangamka. "Tutaizika wapi?"

Tulikubaliana kwamba ni baridi inayomuua. Umeme ulikuwa unakatika kila mchana, kwa hiyo balbu tuliyomfungia ilikuwa pambo tu. Basi tukawasha mbabula, lile jiko la makaa, tukaijaza, tukaiweka chini ya meza iliyobeba kabati. Chumba kikawa na joto zuri, kikavu kama tanuru. Tulijisikia watu wema sana.

Habari ikatoka nje, nami sijui ilipita mlango gani. Wa kwanza kufika alikuwa wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, anayeongoza kikundi cha sala na ambaye hajawahi kusubiri kualikwa. Aliinama kwenye kioo, akatazama mara moja, akarudi nyuma hatua tatu.

"Ile macho haiko ya nyoka," alisema. "Ile ni macho ya muntu."

"Muntu gani?"

"Muntu mwenye alikufa."

"Nani sasa?"

Alifikiri. Marehemu wa familia yetu ni wengi, na kuchagua mmoja kungeudhi upande fulani.

"Mungu ataonyesha," alisema.

Jirani aliyekuja kuomba chumvi alikuwa na maelezo ya kisayansi zaidi. Nyoka, alisema, alitoka Shinkolobwe, akanywa maji ya shimo la zamani la urani, na ndiyo maana macho yanawaka. Kwetu Likasi kila kisichoeleweka hutoka Shinkolobwe: boga kubwa kupita kiasi, mbuzi wa vichwa viwili, ndoa iliyovunjika ghafla. Nilimwambia kwamba nyoka alitoka stoo ya shule, na kwamba kutoka Shinkolobwe hadi stoo ya shule ni safari ndefu kwa asiye na miguu.

"Njo juu ya ile anachoka," alijibu jirani.

Jumatano alasiri kikaitishwa kikao cha familia, sebuleni kwangu, bila mimi kuulizwa. Aliyekiitisha ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Mwaka huo alikuwa anagombea ubunge wa jimbo, na picha yake ilikuwa kwenye kila nguzo kati ya Panda na Kikula, akitabasamu kama mtu aliyekwisha kuapishwa. Alikaa kwenye kiti changu. Aliongea nami kwa ule upole wake wa mikutano.

"Mama, bantu banasema mu familia ya kandidati kuko nyoka yenye kubadilisha macho. Unaona namna inanichafua?"

"Ni mgonjwa, shemeji."

"Basi ikufe mbio. Ao itoke. Nakupa mpaka siku ya Mungu."

Siku ya Mungu ni Jumapili. Wifi alisema amina. Nilimtazama mume wangu. Shujaa wa kreni alikuwa akiichunguza soli ya kiatu chake kwa makini sana.

Kesho yake, baada ya masomo, nilikwenda Kikula kutafuta dawa. Kwenye duka la dawa niliomba pomada ya macho. Mwenye duka aliniuliza umri wa mgonjwa.

"Mtu mzima," nilisema, nikalipa, nikatoka haraka.

Nilikuwa nakatiza sokoni, katika safu ya samaki wakavu, niliposikia naitwa.

"Madamu! Yambo, Madamu!"

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amefunga kitenge juu ya sweta, na mbele yake samaki wa chumvi wamepangwa kwa ukubwa. Ilinichukua muda kumkumbuka, na nilipomkumbuka nilitamani ningechelewa zaidi. Alikuwa mwanafunzi wangu. Siku moja, nikiwa katikati ya nyoka wangu wa chaki, aliinua mkono akauliza: "Madamu, weye uliisha kuyiona?" Darasa lilicheka, nami nikamtoa nje kwa utovu wa nidhamu. Mwisho wa mwaka nilimpa nne juu ya ishirini.

"Unatafuta makayabu?" aliuliza.

"Nilikuwa natafuta dawa. Nina nyoka nyumbani, anaumwa."

Wauzaji wawili waliokuwa karibu walibeba vigoda vyao wakasogea. Yeye hakusogea.

"Inakula?"

"Hapana."

"Rangi?"

"Imefifia."

"Iko na hasira?"

"Karibu aniume."

"Na macho?"

"Bluu."

Aliweka samaki chini. Akasimama wima, mikono nyuma, kama zamani darasani, na kwa Kifaransa, kwa sauti ambayo nilitambua kwa uchungu kuwa ni yangu mwenyewe, pamoja na kile kikohozi changu kidogo cha katikati, akakariri: "La mue est le renouvellement périodique de la peau chez les reptiles."

Kwamba wanyama watambaao hubadilisha ngozi yao kila baada ya muda. Sentensi yangu.

"Inavua nguo tu, Madamu," alisema, akirudi kwenye Kiswahili chake na kigoda chake. "Haikufe. Ile bluu ni maji inaingia katikati ya ngozi ya zamani na ya mupya, mpaka ku macho, juu nyoka haina kope, iko na ngozi sawa kiyoo pale juu ya jicho. Ku shamba ya baba, mu gala ya mahindi, tulikuwa nazo mingi. Alikuwa anatukataza kuziua. Kisha siku ine ao tano macho itarudi safi, utasema imepona. Haiyapona, haikukuwa na ugonjwa. Pale njo unajua ngozi iko karibu kutoka. Usiishike, usiipe chakula, weka jiwe la kukwaruza na maji mingi. Na ile mu mukono ni nini?"

Nilikuwa bado nimeshika kikasha.

"Pomada ya macho."

"Ya macho ya nani?"

Niliitumbukiza mkobani, nikanunua samaki mkubwa kuliko tuliyemhitaji, nikaondoka. Habari ya mbabula sikumwambia. Haikunijia kabisa akilini.

Ijumaa wifi alikuja na wanawake saba. Waliimba, walipiga makofi, walimkemea aliyemo ndani ya kabati kwa majina ambayo mengine sikuwa nimewahi kuyasikia. Nyoka alikaa chini ya kigae chake. Nilijaribu kueleza juu ya maji kati ya ngozi mbili. Mmoja wao alinishika mkono kwa huruma, kama anavyoshikwa mtu anayeongea kwa homa. Na Jumamosi asubuhi, siku tano tangu niione ile bluu, sawasawa na alivyosema muuza samaki, macho yalikuwa meusi, safi, yanang'aa.

Unaweza kuwaza yaliyofuata. Siku ya Mungu wifi alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba shetani ametoka katika nyumba ya kaka yake. Jina langu hakulitaja. Alionyesha tu kwa kidevu nilipokaa. Shemeji alikuwa safu ya mbele, na alipiga makofi kuliko wote. Amri yake ya kumtoa nyoka ilikufa hapo hapo. Sasa alikuwa kandidati wa familia iliyomshinda shetani, na ushindi kama huo unahitaji shetani abaki karibu, watu waje wamwone.

Jumanne nilirudi kutoka shuleni nikamkuta nyoka amevaa matambara. Ngozi inayotoka vizuri huanzia midomoni, ikajigeuza ndani nje kama soksi, ikabaki nzima. Hii ilikuwa imepasuka vipande vipande kama rangi ya ukuta mbovu. Mgongoni zilining'inia shuka, kwenye ncha ya mkia palikuwa na pete ya ngozi kavu iliyobana, na jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na kiwambo cheupe. Alijisugua kwenye kigae, akachoka, akaanza tena.

Nikaona kipande mgongoni kinachopepea. Nikasema, hiki kimeshatoka, kinangoja mkono tu. Nikakivuta. Hakikuwa kimetoka chote. Kiling'oka pamoja na kitu kilicho hai, na tone la damu likatokea. Nyoka hana sauti ya kulia. Alijikunja, akaficha kichwa. Nimekosea mara nyingi maishani, lakini makosa ya mwalimu huchukua miaka kuonekana, na yakionekana mwalimu yuko mbali. Hili lilitoka damu mbele yangu papo hapo.

Ndipo mume wangu alipoingia. Alikuwa amevaa miwani yake na aproni ya kazi, na mkononi ameshika koleo la mdomo mwembamba. Hofu yote ilikuwa imemtoka. Mbele yake hapakuwa tena na nyoka, palikuwa na mashine yenye kitu kilichokwama.

"Toka pale," alisema. "Ii ni kazi ya fundi."

Nilisimama mbele ya kabati, nikanyoosha mikono.

"Ukimgusa na koleo hilo, utakula nje mpaka Noeli."

Nilipanda pikipiki hadi Kikula. Muuza samaki alifunika meza yake kwa turubai, akamkabidhi jirani, akaja nami bila kuuliza maswali. Alipoingia sebuleni hakwenda kwa nyoka. Alisimama, akanusa hewa, akainama chini ya meza.

"Ni nani aliweka mbabula?"

Mume wangu alininyoshea kidole. Mimi nilimnyoshea yeye.

"Munaikausha sawa samaki," alisema. "Kukausha samaki njo kazi yangu, nayua namna inafanyikaka. Kipwa hewa iko kavu yenyewe, na bado munaongeza moto. Ngozi itatelezea ku nini?"

Kipwa ndiyo kiangazi, na kwetu kiangazi hupasua hata midomo ya watu. Jambo hilo nilikuwa nalijua pia. Mbabula ikatolewa uani, na aliyeitoa ni mume wangu, haraka, kabla swali halijarudi kwake.

Kisha muuza samaki alinionyesha, na nilifanya kama nilivyoambiwa. Maji ya vuguvugu kwenye beseni, aliyoyapima kwa kiwiko kama ya kuogesha mtoto mchanga, yasipite tumbo la nyoka. Taulo chini, apate pa kushika. Kifuniko chenye matundu, na kuketi karibu naye, maana nyoka aliyechoka anaweza kuzama hata kwenye maji machache. Tulimwacha humo karibu nusu saa. Halafu akamtoa, akamfunga katika taulo jingine lililolowa, akamwachia atambae ndani ya kiganja chake kilichofumba, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuvuta chochote. Nyoka alisukuma mwenyewe, na taulo likabaki na ngozi.

Tulikuwa tumekaa chini, magoti yetu yakigusana juu ya beseni, nami nikaona ni wakati wa kusema.

"Mwaka ule nilikupa nne," nilisema.

"Tatu, Madamu."

"Na nilikutoa nje."

"Ndiyo. Nje kulikuwa jua. Ilikuwa muzuri."

"Nimekuwa nikifikiri, kama ningekupa alama zako, labda leo ungekuwa..."

"Ningekuwa nini?" Hakuinua macho. Alikuwa akiviringisha ncha ya mkia kati ya vidole vyake viwili vilivyolowa, kwa uvumilivu, ile pete ikianza kulegea. "Usijipe kazi ya mingi. Nilitoka ku masomo juu baba alikufa na batoto ya nyuma yangu walikuwa bane. Weye haukukuwa mukubwa vile. Shika taulo."

Nilishika taulo. Nilikuwa nimeandaa toba ya miaka kumi na zaidi, na sasa sikuwa na pa kuiweka.

Pete ilitoka, nyembamba, ngumu kama uzi wa kushonea viatu. Akanionyesha chini yake, ambapo nyama ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Ingebaki wiki nyingine, damu isingepita, na ncha ya mkia ingekufa na kudondoka. Mume wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu muda wote na koleo lake, alilielekeza kwenye jicho la kushoto.

"Na ile?"

"Jicho hapana," alisema muuza samaki, kwa sauti ambayo prefe angeionea wivu. "Ukivuta, unatoa jicho yenyewe. Inabaki vile. Itatoka na ngozi ingine."

Koleo lilirudi mfukoni mwa aproni.

Nyoka alipona jeraha nililompa, ingawa palibaki kovu dogo. Nami nilianza daftari, la kwanza maishani kuandika nilichoona badala ya nilichosoma. Nilitafuta kopo la plastiki lenye kifuniko, nikalitoboa mlango ubavuni, nikajaza matambara niliyoyalowesha na kuyakamua, nikaliweka ndani ya kabati upande usio na joto sana. Muuza samaki aliniletea jiwe la kukwaruza. Mwishoni mwa mwezi wa nane rangi ikafifia tena, tumbo likawa jekundu, macho yakaingia maziwa. Safari hii sikuvuta kiti wala kusema anakufa. Niliacha kumshika, sikumpa panya, nililowesha matambara asubuhi na jioni. Macho yalisafika. Alihamia ndani ya kopo, na siku ya tano nikakuta ngozi nzima imelala kwenye jiwe, ndefu kuliko yeye mwenyewe, nyepesi, na kila gamba limeandikwa humo. Niliinyanyua dirishani kukagua macho: upande wa kulia kioo kimoja, upande wa kushoto viwili vimepandana. Nilipiga kelele za furaha hadi mume wangu akaja mbio, na safari hii hakukimbilia uani.

Sasa ndipo wateja walipoanza, maana kwetu wapo wanaoamini kwamba ngozi ya nyoka iliyotoka nzima ni dawa ya bahati. Wa kwanza alikuwa prefe. Alitaka kipande kwa ajili ya maabara, na nilipomkatia, alikikunja akakitia kwenye pochi yake. Wa pili alikuwa wifi, mshindi wa shetani, ambaye alisubiri kaka yake atoke kwanza.

"Haiko yangu," alininong'oneza. "Ni ya muntu moya."

"Muntu gani?"

"Weye kata tu."

Nilikata. Wa tatu aliingia kwa mlango wa jikoni, saa sita mchana, amevaa miwani myeusi, gari lake ameliacha kona ya pili. Shemeji hakuwahi kuingia jikoni kwangu tangu harusi. Alitazama masufuria kana kwamba ni wapiga kura.

"Mama, nasikia mutoto yetu alivua vizuri."

"Mtoto yupi?"

"Ya mu kabati." Alishusha sauti. "Kidogo tu. Sina imani na bile bintu, unaniyua. Lakini bapinzani bangu, beko na bachawi. Minye nitabaki mikono mitupu?"

Nilikuwa nimetunza upande wa kichwa, wenye vile vioo vya macho, kwa ajili ya darasa. Nilimkatia kilichobaki. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitia mfukoni upande wa moyo, na kabla ya kutoka alichungulia uani kuona kama kuna mtu.

Alishindwa. Alitoka wa mwisho katika orodha yote, nyuma hata ya mtu mmoja aliyekwisha kujitoa. Aliadimika kwa majuma mawili, kisha akaja, tena kwa mlango wa jikoni, bila miwani.

"Mama, unanipa jibu ya kweli. Ile kipande ilikuwa ya upande gani?"

"Ya mkia."

Alifumba macho, akashika meza.

"Mukia," alisema. "Unapa kandidati mukia. Ulikuwa unatazamia nitoke wa ngapi?"

Aliniomba nimwekee kichwa kwa uchaguzi ujao. Nilimwambia kichwa kina wanafunzi arobaini na watano mbele yake kwenye foleni.

Nyoka bado tunaye. Amevua mara nyingi tangu wakati ule, na kila mara ngozi hutoka nzima, isipokuwa mara moja nilipokwenda Lubumbashi kwa siku sita na mtu fulani akasahau matambara. Mtu huyo sasa ndiye mtaalamu wa nyumba. Wageni wakifika huwasimamisha mbele ya kioo, mkono juu ya fremu aliyoichomelea, akawaeleza kwamba nyoka hana kope, kwamba ile bluu ni maji, kwamba wajinga huvuta na wenye akili hungoja. Habari ya koleo ameigeuza: siku hizi ni yeye aliyemzuia mtu mwingine asilitumie. Juzi alikuwa katikati ya maelezo hayo, mbele ya fundi mwenzake wa zamani na mkewe, nilipoingia na panya wa wiki kwenye kisahani. Nilifungua mdomo kusahihisha. Aliinua mkono kunizuia, bila kugeuka.

"Rudisha ile panya, Mama ya batoto. Hauone macho?"

Nilitazama. Yalikuwa yameanza kuingia maziwa, na mimi sikuwa nimeona. Nikarudisha panya jikoni, nikaenda kulowesha matambara, huku nyuma yangu nikimsikia akiwaambia wageni kwamba mke wake ni mwalimu, amesoma sana, lakini mambo ya nyoka bado anajifunza.